Namna ya kujenga duka jembamba la Lego ukifuata duka la kweli la Mji wa Kale

Kuna duka moja la leso Mji wa Kale, Mombasa, kwenye kichochoro kinachoshuka kutoka barabara ya Ndia Kuu, jina silitaji manake mwenyewe nilimuomba ruhusa ya kupima, sikumuomba ruhusa ya kumtangaza. Lina upana wa mita 2 na sentimita 70 tu. Mlango wa mbao wa mabawa mawili, baraza mbili ndogo huku na huku, juu kuna roshani ya mbao iliyolala kidogo upande wa kushoto, na ndani leso zimepangwa mpaka juu dari. Nimelipita tangu nikiwa natumwa na mamangu doti ya leso ya harusi, na mwaka jana nikaamua nilijenge kwa Lego, yale matofali madogo ya plastiki ya kuchezea yanayoshikana. Limenichukua miezi minne na nimelivunja mara mbili, kwa hivo haya ninayoandika hapa ni yale ambayo ningependa mtu anieleze kabla sijaanza.

Kwanza kwa nini jembamba. Zile seti za majengo za mtaani ambazo Lego walianza kuziuza 2007 nyingi zina upana wa vinundu 32, vinundu ni vile vidude vya mviringo juu ya tofali, na kwa vipimo ntakavyoeleza hapo chini vinundu 32 ni karibu mita 11. Hilo ni duka la barabara kubwa. Ukichukua duka la kichochoroni ukalinyoosha lijae hapo, mlango unakuwa mkubwa, ukuta unabaki mtupu, unaanza kuongeza madirisha ambayo hayapo, mwisho umejenga nyumba ya watu wengine. Mimi nilifanya hivo mara ya kwanza, nilijenga vinundu 16, mamangu akaangalia akaniuliza hii ni ya wapi. Nikavunja.

Wembamba wenyewe una sababu yake pia. Nyumba za zamani za pwani dari yake inashikwa na boriti za mikoko, na boriti haiendi mbali, ukipita mita 3 hivi inaanza kupinda, kwa hivo vyumba vikajengwa vyembamba kufuata mti. Ukilijua hilo unaacha kuuona wembamba kama tatizo la kutatua, unaufuata tu kama fundi wa zamani alivyoufuata.

Kupima

Usiende na utepe mkononi ukaanza kupima ukuta wa mtu. Nenda salimia, kaa barazani, nunua kitu kama unaweza, alafu sema shida yako. Mimi nilimwambia mwenye duka, "Ami, shikamoo, nataka kujenga duka lako kwa matofali ya watoto, naomba nipime mlango." Akanyamaza kidogo, akacheka, akaniletea kiti nipandie. Kwenye picha pia kuwa na adabu, vichochoro vile ni mbele ya milango ya watu, kina mama wanapita, ngojea njia iwe tupu ndo upige.

Shida ya kichochoro ni kwamba huwezi kurudi nyuma ukapata duka zima kwenye simu moja. Ukiegemea ukuta wa pili bado unapata mlango tu na kipande cha roshani, na ukiinua simu juu ukuta unaonekana unaanguka nyuma. Piga vipande vipande, chini, kati, juu, simu ikiwa imesimama wima sawasawa, alafu utaviunganisha. Na kabla ya kupiga bandika karatasi ya A4 karibu na mlango kwa selotepu, urefu wake ni sentimita 29.7, sasa nyumbani ukiwa na picha unaweza kuhesabu roshani ni karatasi ngapi, dirisha karatasi ngapi, hata kama ulisahau kupima. Iliniokoa mimi, dirisha la juu sikulifikia kabisa.

Nenda mara mbili angalau. Asubuhi saa tatu duka likiwa wazi, na Ijumaa mchana kati ya saa sita na nusu na saa nane watu wakiwa msikitini, duka limefungwa na ndo utauona mlango wenyewe, nakshi, misumari, komeo, kila kitu ambacho siku nyingine kimefunikwa na leso zilizotundikwa.

Hesabu (usiruke hapa)

Kijitu cha Lego kina urefu wa sentimita 4 hivi. Mtu wa kawaida tuseme mita 1.7. Gawanya, unapata kila kitu cha kweli kimepunguzwa mara 42 na nusu. Sasa vipimo vya Lego vyenyewe havibadiliki: kinundu hadi kinundu ni milimita 8, tofali lina urefu wa milimita 9.6, na lile bamba jembamba ni milimita 3.2, yaani mabamba matatu ni tofali moja. Zidisha kwa 42.5 na unapata kwamba kinundu kimoja ni sentimita 34 za kweli, tofali moja ni kama sentimita 41, bamba ni sentimita 13 na nusu hivi.

Kwa hivo mita 2.7 ya ami ni vinundu 8. Nane kamili, nilipoona hivo nilijua duka hili linataka kujengwa.

Urefu uhesabu kwa mabamba, usihesabu kwa matofali, manake tofali ni kipimo kikubwa mno, ukikosea moja umekosea sentimita 41. Duka langu la chini lilikuwa mita 3.4, hiyo ni mabamba 25. Ghorofa ya juu mita 3, mabamba 22. Ukuta mfupi wa darini ni sentimita 80, mabamba 6. Jumla 53, ukiweka rula ni sentimita 17.

Kuna jambo moja la kijitu cha Lego lazima ulijue, ni kifupi na kinene. Urefu wake ni wa mtu lakini mabega ni ya mlango wa gereji. Kwa hivo ukifuata hesabu tupu mlango wa kweli wa mita 1 unakuwa vinundu 3 na kijitu kinapita kwa kujibana. Mlango ndo mahali pekee ninapokubali kudanganya upana. Wa ami ni mita 1.2 hivi, kwa hesabu ni vinundu 3 na nusu, mimi nimeweka 4.

Chora kwenye karatasi ya viboksi. Lakini angalia, tofali si mraba, kwa hivo kiboksi kimoja kwa kinundu kimoja hakitakubali. Hesabu inayokubali ni hii: upana wa kinundu kimoja ni viboksi 5, urefu wa bamba moja ni viboksi 2. Viboksi vya milimita 5 kwenye A4, duka zima linaingia kwenye karatasi mbili ukizigundisha moja juu ya nyingine. Kama una kompyuta, programu ya Studio ya BrickLink ni ya bure na inafanya kazi hii vizuri, ila mimi karatasi ndo ilinifanya nione kosa mapema, sijui kwa nini, labda kwa vile mkono unaenda polepole.

Chagua mambo matatu

Kabla ya kununua kipande hata kimoja, funga macho uwaze duka, alafu uandike mambo matatu yanayokujia kwanza. Matatu basi. Mimi yalikuwa mlango wa nakshi, roshani iliyolala, na rafu za leso. Vinundu 8 havina nafasi ya zaidi ya hapo. Waya za stima, mita, bomba la maji ya mvua, kibao cha Mpesa, hivo vyote vipo pale na vyote nilivitamani, na toleo la pili niliviweka vyote, mlango ukapotea katikati ya vurugu. Nikalivunja la pili. Sasa hivi waya upo mmoja tu, uzi mweusi, na bomba basi. Hii ndo sehemu ngumu kuliko zote za kujenga kitu chembamba na hakuna kipande cha kununua kitakachokusaidia.

Vipande

Kwenye moli za Nyali utapata seti mpya na bei yake ni bei. Mimi nyingi nimetoa soko la Kongowea kwenye mitumba, toys zinakuja zimechanganywa mfuko mmoja, unakaa chini unachambua. Tofali la kweli la Lego lina jina lao kwenye kila kinundu, geuza kwenye mwanga utaliona. Zile za kuiga nyingine zinashika vizuri nyingine hazishiki, na kwenye jengo jembamba usichanganye, manake ukuta wa kinundu kimoja hauna mahali pa kuficha ulegevu. Uzee wa tofali usikutishe, mfumo huu wa kushikana waliuombea hataza, yaani haki ya uvumbuzi, Denmaki mwaka 1958 na matofali ya wakati ule bado yanaingia kwenye ya leo. Yaoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, yasizidi digrii 40 kwani yanaweza kupinda, na uyaanike kivulini. Kivulini nasisitiza, jua la Mombasa linageuza nyeupe kuwa njano ya meno ya mvuta sigara, nina mfuko mzima wa ushahidi.

Jambo la bajeti: kuta za pembeni za duka la kichochoroni hazionekani, zimebanwa na majirani. Jenga kwa rangi yoyote uliyonayo, nyekundu, waridi, kijani, changanya. Pesa yako iweke mbele. Duka langu ni kama vipande 400 na nusu yake hakuna mtu atakayeviona.

Kujenga chini

Chukua bamba la vinundu 8 kwa 16. Safu 3 za mbele ni njia na baraza, 13 zilizobaki ni duka. Duka la ami linaingia ndani zaidi ya hapo lakini nyuma nimeliacha wazi, bila ukuta, ndo mwanga uingie na mtu aweze kuangalia ndani.

Sakafu inua mabamba 2, ni ile ngazi mbili ndogo za kupandia. Baraza mbili, kila moja vinundu 2 kwa 2, urefu wa tofali moja, juu funika kwa vigae laini, usiache vinundu, baraza iliyokaliwa miaka yote hiyo inang'aa.

Uso wa duka upange hivi kutoka kushoto: kinundu 1 ukuta, 1 nguzo ya nakshi, 4 mlango, 1 nguzo ya nakshi, 1 ukuta. Nane. Kwenda juu: mabamba 2 ya sakafu, 15 ya mlango, 2 ya kizingiti cha juu, 3 ya kibao cha duka, 3 ya vikono vya kushika roshani. Ishirini na tano.

Kwa nini mlango 15? Kwa sababu bamba la 2 kwa 6 ukilisimamisha wima lina urefu wa milimita 48, na matofali 5 ni milimita 48. Inaingia sawasawa. Kumbuka pia mabamba 5 ni sawa na vinundu 2, milimita 16, hiyo ndo siri ya kila kitu unachotaka kukilaza ubavu kwenye Lego, iandike ukutani.

Mlango wenyewe: kila bawa ni bamba la 2 kwa 6 la kahawia iliyoiva, limesimama, vinundu vikitazama nje. Safu ya upande wa katikati, kwenye bawa moja tu, weka kigae kirefu cha 1 kwa 6, huo ndo mfaa, ule mti unaosimama katikati ya mlango wa zamani. Safu ya upande wa ukutani weka vipande vya 1 kwa 2 vyenye kifimbo pembeni, kimoja juu kimoja chini, katikati yake kigae. Vile vinundu vinavyobaki wazi usiviogope, vinakaa kama misumari mikubwa ya mlango. Kifimbo kinashikwa na vibanio viwili ulivyovifunga nyuma ya nguzo, chukua aina ya kibanio inayoshika fimbo iliyosimama, kuna mbili na zinafanana, jaribu mkononi kwanza. Mabawa yawe nyuma ya ukuta na yafunguke kwenda ndani. Ukiyafungua nje yanafunika nakshi na milango ya pale haifunguki nje.

Nakshi ilinisumbua wiki mbili. Nilijaribu vigae vya mistari, nikajaribu vipande vya maua, vyote vikawa vinene. Iliyokubali ni rahisi kabisa: nguzo zijenge kwa matofali ya 1 kwa 1 yenye kinundu ubavuni, kinundu kitazame nje, na kila kinundu uweke kigae kidogo cha mviringo. Vinakuja vitano kwa mstari kila upande, na kwa vile tofali lina milimita 9.6 na kigae ni 8 inabaki nafasi ndogo kati ya kimoja na kingine, na ile nafasi ndo inafanya macho yaone maua ya kuchonga. Badilisha rangi kimoja kimoja, kahawia iliyoiva na kahawia iliyopauka. Kwenye kizingiti cha juu weka vigae vya mistari tu, usiongeze.

Kibao cha duka ni kigae cha 1 kwa 8 kwenye matofali yenye vinundu vya ubavuni. Niliandika kwa mkono jina jengine kabisa, kwa brashi nyembamba, kufuata mwandiko wa mchora vibao, herufi zenye kivuli. Stika ya kuprinti inakuwa safi mno.

Rafu ya leso inayoshika ukuta

Hapa ndo ninapopapenda. Ndani una vinundu 6 ukitoa kuta mbili. Ukiweka kabati, na meza, na muuzaji, hakuna pa kuweka mteja. Kwa hivo usiweke kabati, fanya ukuta wa kushoto wenyewe uwe kabati. Ukuta uwe vinundu 2. Laza bamba refu la kahawia la upana wa vinundu 2, hiyo ni mbao ya rafu. Juu yake, safu ya nje weka matofali ya kawaida, safu ya ndani weka marundo ya mabamba madogo ya 1 kwa 1 na 1 kwa 2, matatu matatu, kila rundo rangi zake. Alafu bamba refu jengine juu, linashika matofali na marundo pamoja. Rudia mara tano. Kila rafu ni mabamba 4, tano ni 20, unabaki na 3 mpaka dari, jaza matofali.

Leso zenyewe zinabeba nyumba, na ukuta unakuwa mgumu kuliko wa upande wa pili. Bamba moja kwa kipimo chetu ni sentimita 13, kwa hivo usihesabu kama leso moja, ni leso kadhaa zimekunjwa. Rangi zipange kama zinavyopangwa dukani: nyekundu na nyeusi na nyeupe kwa wingi, hizo hazikosi, alafu chungwa, zambarau, kijani, na sehemu moja lundo la nyeupe na bluu. Usipange kama upinde wa mvua. Muuza leso hupanga kwa toleo, yanayotoka sana yako karibu na mkono, yaliyolala yako juu.

Meza ni vigae vya kahawia tu, kinundu 1 kwa 4, na juu yake kigae kidogo cheupe, daftari la madeni.

Leso za kutundika usijaribu kwa plastiki. Leso ya kweli ni kama sentimita 150 kwa 110, kwa kipimo chetu inakuwa milimita 35 kwa 26. Kata karatasi nyembamba ya saizi hiyo, chora pindo kuzunguka pande zote nne, mji katikati, na jina chini ya mji kwenye kiboksi chake. Nilijaribu kukata leso ya kweli ya zamani, maua yake ni makubwa, kipande kile kinakuwa tambara. Jina chagua fupi manake una milimita 12 tu za kuandikia, yangu inasema WEMA HAUOZI, kalamu ya ncha nyembamba kabisa, na leso bila jina mtu wa pwani ataiona haijaisha. Zitundike kwenye kifimbo kirefu ndani ya mlango.

Roshani

Bamba la 4 kwa 8. Safu 2 nje, 1 chini ya ukuta wa juu, 1 ndani. Hiyo ya ndani usiiache, mimi mara ya kwanza nilitoa safu 3 nje nikabakisha moja tu chini ya ukuta, mtoto wa dadangu akasimamisha vijitu vitatu pale, roshani ikashuka na wote. Chini yake weka vikono, vile vipande vya mteremko uliogeuzwa, viwili kila upande na kimoja katikati.

Uzio ni vipande viwili vya kimiani vya vinundu 4, vinajaza 8 kamili. Nguzo nyembamba mbili za mviringo, na juu kijipaa cha mabati, nimetumia vigae vya mistari vya kijivu na nikachanganya vya kahawia-nyekundu vichache, kutu. Kijipaa kishike kwa bawaba mbili kiiname kuelekea njiani.

Kulala kwake kushoto sasa. Usiijenge ikiwa imepinda kwa nguvu, plastiki itachoka. Nguzo ya kulia ongeza bamba moja, ya kushoto usiongeze, na kijipaa kishike upande mmoja tu kwa kinundu, upande wa pili kilalie. Milimita 3 basi na jicho linaona.

Ukuta wa juu: kinundu 1 ukuta, dirisha 2, ukuta 2, dirisha 2, ukuta 1. Haina maneno mengi. Ghorofa nzima iwe inatoka, kwa hivo juu ya duka la chini funika vigae na uache vinundu vinne tu vya kushikia, kwenye pembe.

Ukuta wa chokaa

Usitumie nyeupe peke yake. Chokaa ya kule imebanduka, matumbawe yanaonekana, na chini unyevunyevu umepanda. Kwa kila matofali kumi nyeupe weka mawili ya krimu na moja la kijivu kilichopauka, na mahali pamoja, pamoja tu, kusanya matofali manne matano yenye uso wa mawe pawe kidonda cha ukuta. Safu ya chini kabisa tia kijani kilichofifia kidogo. Ukitawanya kila mahali inakuwa madoadoa ya chui.

Kabla hujasema umemaliza

Mpelekee mwenyewe. Mimi nilibeba kwenye boksi la viatu na taulo pembeni, nikaliweka barazani kwake. Ami aliinama akaliangalia muda mrefu bila kusema kitu, akaita jirani, jirani akaita mwanawe, watu wakajaa. Alafu akanyoosha kidole: "Bawa la kushoto sifungui mimi asubuhi. Lile ndilo la kutundikia." Picha zangu zote za saa tatu zinaonyesha hivo, bawa moja limefungwa na leso zimetundikwa juu yake, na mimi nilidhani ni leso zimefunika mlango ulio wazi. Nikalifunga bawa hapo hapo, nikahamisha leso mbili, na duka likawa lake. Akaniuliza pia paka yuko wapi. Paka wa Lego yupo, amekaa baraza ya kulia.

Weka duka mbali na dirisha, na lipanguse kwa brashi laini ya rangi kila baada ya wiki mbili, wakati wa kaskazi kila wiki, vumbi likikutana na chumvi ya hewa linaganda kwenye vigae. Gundi usitie. Na kwenye ukuta wa kulia, safu ya chini, weka matofali mawili yenye matundu kabla hujafunga, ndo pini za kuunganisha zipite, manake pale pembeni ya ami kuna duka la fundi saa lenye upana wa mita 2 kasoro, nishalipima, ni karibu vinundu 6.